Aprili ya Dafrosa

Mwalimu Othmar, mstaafu asiyeomba upendeleo hata kwa padre, aliingia ofisi ya parokia pale Mbaha, kofia mkononi. Mjukuu wake Dafrosa alikuwa akilia tangu asubuhi: jina lake halimo katika orodha ya Kipaimara, na askofu anafika Jumapili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bonifasia. Sikuja kukuomba umwingize. Nimekuja kuelewa tu."

Bonifasia, katibu wa parokia, aliyewahi kuchapwa na mwalimu huyu kwa mwandiko mbaya, alimvutia kiti mbele ya kompyuta waliyonunua kwa mfanyabiashara wa Mbinga, mara biashara huria iliporuhusiwa nchini. Sharti, alieleza, ni mtoto awe ametimiza miaka kumi na miwili kufikia mwisho wa Machi. Fomula ya Ekseli ndiyo inayopima.

"Tarehe hizi zilizoegemea kushoto inazikataa, inaziona maneno matupu. Zimenihangaisha tangu jana. Za kulia hazina shida. Dafrosa yuko kulia: tarehe mosi Aprili. Amekosa kwa siku moja, maskini."

"Aprili?" Mzee alivua miwani. "Bibi yake alimpa jina kwa kalenda ya misale. Mtakatifu Dafrosa ni tarehe nne Januari, na ndiyo siku aliyozaliwa. Rekebisha tarehe za watoto wote kwa kalenda hiyo."

Bonifasia alicheka. "Mwalimu, mimi nina jina la mtakatifu wa Juni, lakini nilizaliwa Desemba! Baba alinipa tu jina la padre aliyempenda."

"Baba yako hakupata kufuata utaratibu," alisema mzee, nusura acheke naye.

Lakini Bonifasia alikuwa akitazama tarakimu za Dafrosa alizoziandika mwenyewe: nne kwanza, kisha moja.

"Mashine hii inaanza na mwezi! Siku ikizidi kumi na mbili, haioni mwezi wa namna hiyo, ndipo inakataa. Kumbe hizi za kulia nilizoziamini ndizo zilizogeuzwa!"

Akaandika fomula mpya: penye maneno, tarakimu mbili za mwanzo ziwe siku, zinazofuata mwezi, za mwisho mwaka; penye tarehe, siku na mwezi vibadilishane nafasi. Safu nzima ikajipanga. Dafrosa akaingia.

"Wote wamepimwa kwa fomula hiyo?"

"Wote, Mwalimu."

"Nani ametoka?"

"Hamphrey, mtoto wa Mama Edina. Amezaliwa tarehe mbili Juni, mashine ilimsoma tarehe sita Februari. Na jana niliwaambia amepita. Mama yake ameshamshonea shati jeupe."

Mwalimu aliinuka. Moyo ulikuwa umekwisha kutangulia nyumbani, kwa mtoto atakayemrukia shingoni. Akavaa kofia.

"Basi naanzia kwa Mama Edina. Hamphrey asisikie habari hii kwa vigelegele vya Dafrosa."

"Na Dafrosa aendelee kulia?"

"Kidogo tu," alisema mzee, akiwa tayari mlangoni. "Nitatembea haraka."