Kiapo cha Ashlow

Chuoni Ashlow mitihani haisimamiwi. Unachukua bahasha kwa karani saa unayotaka, unaandika peke yako, na chini ya majibu unaapa kwamba hukusaidia mtu wala hukusaidiwa. Aliyefanya asubuhi hamwambii wa alasiri hata neno. Na ukimjua mwizi wa mtihani, unampa siku moja ajitaje. Asipojitaja, unamtaja wewe. Tunaapa hivyo wote tukifika, mkono juu, wazazi wakifuta machozi.

Mimi Marit Oyler nilikuwa mjinga, nikaamini.

Corliss Beckwith, niliyeishi naye chumba kimoja, aliingia mtihani wa historia ya Roma akiwa na maswali yote kichwani. Aliniambia mwenyewe, akicheka, huku anapaka siagi ya karanga kwenye mkate. Nikampa siku yake.

"Hebu acha utakatifu, Marit," alisema. "Nani hafanyi?"

Siku ilipopita nikaenda kwenye baraza la wanafunzi. Wakamuuliza nani alimpa maswali, akafunga mdomo. Wakamfukuza, mahafali yakiwa mlangoni.

Tangu hapo nikawa kama mwenye ukoma. Nikiketi bwaloni, wenzangu wanabeba sahani zao. Mlangoni pangu walibandika vipande vya jibini, maana kwetu mchongezi huitwa panya. Hata Profesa Lathrop, anayetufundisha maadili, aliniambia, "Sheria ni sheria, binti, ila mtu hutumia busara." Nilimchukia palepale, na sijaacha.

Jioni ya kuamkia mahafali tulipangwa uwanjani na majoho yetu, kila mmoja na mshumaa. Mkuu wa chuo huwasha wa kwanza, na moto hupita mkono kwa mkono. Asiyewashiwa na jirani yake hahesabiwi mtoto wa Ashlow. Niliutaka moto ule, sifichi. Mama alikuwa kwenye viti ananipungia mkono, hajui lolote.

Jirani yangu alikuwa Emmett Prouty. Moto ulipomfikia, alinipita akamwashia msichana wa upande wangu wa pili.

"Emmett, bwana, niwashie."

"Nikuwashie wewe, panya?" Alitabasamu huku anatazama mbele, picha zisiharibike. "Corliss maswali nilimpa mimi. Nilifanya asubuhi, nikamsimulia tukienda kula."

Nilimgeukia. "Mbona unaniambia leo?"

"Kwa sababu huna la kufanya, mama mtakatifu. Si lazima unipe siku yangu moja? Haya, nipe. Kesho saa hizi nina shahada mkononi. Na ukifungua mdomo tena, hawa watakuzomea mbele ya mama yako."

Hilo la kuzomewa lilikuwa kweli. Ningeweza kunyamaza, kesho nikachukua shahada yangu, nisiwaone tena maisha yangu yote. Lakini hasira ilinipanda hadi masikioni.

"Siku moja ni ya mtu kujitaja," nilimwambia. "Wewe umeshajitaja."

Tabasamu likamtoka. "Marit. Marit, subiri kidogo, we—"

Nikatoka kwenye safu, mshumaa wangu haujawaka, nikaenda hadi mbele ya mkuu wa chuo.

"Mkuu, Emmett Prouty ndiye aliyempa Corliss maswali. Ameniambia sasa hivi."

Mkuu alitazama wazazi kwanza, kisha mimi. "Binti," alinong'ona, "si hapa."

Nyuma yangu walishaanza, taratibu, wengi kwa pamoja: panya, panya. Mama alikuwa amesimama. Nikavuta pumzi, nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.