Daktari Yuko Njiani

Tangu aapishwe, Rais alikuwa amemwahidi mama yake kitu kimoja tu: siku ya upasuaji wa jicho atakuwa naye, na bandeji ikifunguliwa, uso wa kwanza mama atakaouona utakuwa wa mwanawe. Ahadi nyingine zote alizitoa jukwaani, na hizo zina wizara zake.

Basi asubuhi hiyo aliketi wodi ya macho, suti imembana, kamshika mama mkono. Jicho moja la mama lilishakufa kitambo. La pili lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, presha imeanza kulipanda, na daktari bingwa alishasema waziwazi kwamba siku ya leo ikipita, hilo nalo limekwenda. Walitakiwa waanze saa mbili kamili. Saa tatu ikapita.

"Daktari yuko wapi?"

"Yuko njiani, Mheshimiwa," akajibu mkuu wa ulinzi.

Baada ya nusu saa akauliza tena. Daktari alikuwa bado yuko njiani. Mara ya tatu Rais akapandwa na hasira, akaanza kuwachambua watumishi wa umma wanaolala mpaka jua linawachoma. Hotuba ilimtoka vizuri sana. Watu kumi na wanne waliojazana chumbani wakaitikia kwa vichwa, na wawili wakaandika.

"Kichogo, punguza sauti," mama akasema. "Kuna wagonjwa."

Hakuna mwingine nchini aliyethubutu kumwita hivyo. Picha zake zote rasmi zilipigwa kwa mbele.

Muuguzi aliyekuwa akipanga dawa za matone pembeni akashindwa kuvumilia. "Mheshimiwa, unisamehe. Daktari kanipigia simu tangu saa moja na nusu. Amekwama pale chini kwenye mzunguko. Barabara imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

Wale kumi na wanne wakaanza kukagua viatu vyao.

"Kwa ajili yako," akasema muuguzi.

Rais akahisi masikio yanawaka moto. "Ifunguliwe sasa hivi!"

"Itafunguliwa ukishaondoka, Mheshimiwa," akasema mkuu wa ulinzi. "Wewe ukiwa ndani haipiti baiskeli, wala mguu wa mtu. Ndio utaratibu."

"Mjinga gani aliuweka?"

Mkuu wa ulinzi akashusha sauti. "Uliusaini mwenyewe, mwezi wa kwanza."

Akaikumbuka siku ile: rundo la mafaili, chai inapoa, saini juu ya saini mpaka kidole kikafa ganzi. Kuufuta angeweza, tena bila shida, kwa barua kupitia kamati ya ulinzi, ambayo hukutana Alhamisi.

"Mama, nilikuahidi."

"Nenda, baba. Ukibaki hapa hutaonekana tena," mama akasema huku akicheka, lakini mkono alichelewa kuuachia.

Akatoka kwa lango la nyuma. Ilimuuma. Mamilioni ya watu walikuwa chini yake, na jambo pekee la maana aliloweza kumfanyia mama yake lilikuwa kumpisha. Dakika kumi baadaye daktari akaingia wodini mbio, jasho linamtiririka.

Siku ya kufungua bandeji Rais hakwenda. Kulikuwa na wagonjwa wengine sita wanamngoja daktari yule yule. Akapiga simu, muuguzi akaiweka kwenye sikio la mama.

"Mama, unaona?"

"Naona! Naona dirisha, naona muuguzi, kumbe mzuri hivi. Na wewe nakuona."

"Mimi?"

"Si upo hapa ukutani, kwenye fremu. Wa kwanza kabisa."

Rais akaangua kicheko, roho ikamtua. Ahadi imetimia kwa namna yake. Lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Lile kovu lako la juu ya jicho," akasema, "ulipoanguka kwenye ngazi nikakubeba mgongoni mpaka zahanati. Mbona silioni?"

Rais akapapasa juu ya nyusi. Mpiga picha wa Ikulu alilifuta, na yeye mwenyewe alikuwa ameisifu kazi.

"Lipo, mama. Nimelishika hapa."

"Basi aje huyo mwenye kovu. Huyu wa ukutani simjui."