Mwenye Mzigo

Kila mwaka, Siku ya Wanawake ya Machi ikikaribia, mtu hunipigia simu kutoka chuo fulani au shirika fulani akitaka nikawafundishe wasichana siri ya kufanikiwa. Wananitaka kwa sababu nina kampuni ya uwakala wa forodha hapa Busia, jina langu, Felistus, limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, na wako wanaume wanaoniita bosi bila kuumwa na meno. Wanataka niseme kwamba nilijiamini, nikaomba Mungu, nikaamka mapema. Mungu nilimwomba, sikatai. Lakini kuamka mapema hata jogoo huamka, na bado sijaona jogoo mwenye kampuni.

Mimi nikifika huko huwasimulia habari ya Amuge na njugu zake. Asiyejifunza kwa hiyo, hata nikimwandikia ubaoni hatajifunza.

Amuge ni Mwiteso aliyeolewa Petta, kule mashambani Tororo, Uganda. Kwa muda mrefu alikuwa akivuka na njugu kidogo kidogo, anakaa kando ya barabara upande wetu wa Kenya, anauza kwa kopo. Njugu zake zilikuwa safi, na wanawake wa Petta wakaanza kumpa zao aziuze pamoja. Ndipo Maximilla akamwona. Maximilla ana kiwanda cha siagi ya njugu nyuma ya stendi, na ni mkali hata pilipili inamwogopa. Alinunua kopo moja, akatafuna, akatafuna tena, akamwambia Amuge: "Niletee pikapu nzima Ijumaa, ifike kabla sijazima mashine saa tisa. Zikiwa kama hizi, njugu zote za msimu nitachukua kwako. Nimesema kwako, si kwa dalali."

Mtu wa mpakani anajua maneno hayo yana uzito gani. Mwanamke wa kopo hapewi msimu. Msimu hupewa madalali, na madalali wote ninaowajua wamevaa suruali.

Amuge alikuja kwangu kuuliza apite wapi. Nikamwambia apite getini, mchana kweupe, kama bibi harusi. Njugu zilizolimwa hapa kwetu Afrika Mashariki hazitozwi ushuru kwa mfanyabiashara mdogo. Anakwenda dirishani, afisa anamjazia cheti, anapita. Hata wakala hahitaji, na nilimwambia hivyo ingawa mimi mwenyewe ndiye wakala. Nilidhani nimemaliza kazi.

Mazoea yana taabu. Sisi wanawake wa mpaka huu tumelelewa na neno moja, "nimetumwa". Zamani ukikamatwa na mzigo njiani, mwenye mali ananyang'anywa mali, lakini aliyetumwa anahurumiwa. Maskini, ametumwa tu, mwacheni. Kwa hiyo kila mama alimfundisha binti yake kwamba akiulizwa mzigo ni wa nani, aseme ametumwa. Mama yangu alivusha sukari maisha yake yote akisema ametumwa, na tumemzika bila kujua aliyemtuma. Siku hizi sheria imebadilika na geti limejengwa likapendeza, lakini ulimi hauna mfupa, unarudi ulikozoea.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nasubiri karatasi za mteja wangu mwingine. Malori ya saruji yalikuwa yamejipanga mpaka upande wa Uganda, na watu wa baiskeli za magurudumu matatu wanapenya katikati yake na mizigo yao. Pikapu ya Eriku, dereva wa Tororo, ikaingia imejaa magunia. Amuge akashuka. Alikuwa amevaa gomesi yake nzuri ya kanisani, ile ya kijani. Moyo wangu ulifurahi nilipomwona anakwenda dirishani peke yake bila kumtafuta mtu wa kumshika mkono.

Afisa, kijana mmoja mpole, akauliza kama anavyouliza kila mtu: "Mwenye mzigo ni nani?"

"Nimetumwa tu, afande," Amuge akajibu. "Mwenyewe iko Tororo."

Nilifumba macho.

Afisa akaweka kalamu chini. Hakukasirika. "Basi mwite mwenyewe aje," akasema. "Cheti hiki ni cha mwenye mali, sitampa mjumbe." Akamwonyesha Eriku pahali pa kuegesha, kwenye uwanja wa ukaguzi, na foleni ikasogea. Ilikuwa saa sita imeshapita.

Nilimvuta Amuge pembeni. Sikumvuta kwa upole, na siombi msamaha.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama. Mdomo ndio ilisema."

"Basi huo mdomo urudi pale useme vingine."

"Atasema mimi ni mwongo. Na watu wote wanaangalia." Akanishika mkono. "Mama, wewe anakujua. Enda tu umwambie ni yangu."

Ningeweza. Dirisha lile mimi ni mtu wake, neno langu lingetosha. Hata nilianza kutembea. Halafu nikaona itakavyokuwa: karatasi itapita, na kuanzia siku hiyo Amuge atakuwa amevushwa na Felistus. Atakuwa ametumwa kwa mara ya pili, na safari hii na mimi. Nikasimama. Nilimhurumia sana, lakini nilisimama.

"Siendi," nikamwambia. "Mimi sijalima hata njugu moja."

Alinitazama kama mtu aliyesukumwa na mamake. Kabla hajasema neno, Okochi akatokea.

Okochi ni dalali wa nafaka, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Mahali petu habari hupanda bodaboda. Mtu akikwama getini, Okochi amejua kabla injini haijapoa. Akamsalimia Amuge kwa heshima zote, akamuuliza habari za Petta, za watoto, za mvua. Kisha akasema: "Mathe, mbona unajisumbua? Hii ni karatasi tu. Mimi naandikisha jina langu, mzigo unapita sasa hivi, Maximilla anapata njugu, wewe unapata chako. Kuna ubaya gani?"

Eriku naye akachungulia kwenye dirisha la gari. "Kubali tu, dada. Saa inakwenda."

Amuge hakukataa. Hilo ndilo lililoniumiza. Aliinamisha kichwa, na Okochi, ambaye anajua kusoma kichwa kilichoinama, akaelekea dirishani akipiga simu.

Dakika haikuisha simu yangu ikalia. Alikuwa Maximilla. "Felistus, Okochi ananiambia njugu za Petta ni zake. Ni kweli?"

"Muulize Amuge," nikasema.

"Simuulizi mtu. Nimewasha mashine tangu asubuhi. Njugu zikija kwa jina la Okochi, nitanunua kwa Okochi, leo na msimu mzima, na bei ya Okochi naijua. Mimi nataka njugu, sitaki hadithi." Akakata.

Nikamrudishia Amuge maneno hayo vilevile, bila kupunguza na bila kuongeza. Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Kila mwezi nawaona wanawake kama yeye wakikabidhi kazi yao kwa mtu mwenye shati zuri kwa sababu tu amesema "kuna ubaya gani", na jioni wanamshukuru.

Amuge akayatazama magunia. "Wale wanawake wa Petta," akasema, "hawajui hata sura ya Okochi." Akakunja upindo wa gomesi yake mkononi, akaenda dirishani. Nami nikamfuata kwa nyuma, kwa sababu kutokusaidia si lazima kuwe mbali.

Okochi alikuwa ameshaegemea pale kama nyumbani kwake. "Ule mzigo wa Petta, afande. Ni wangu. Yule mama nilimtuma mimi."

"Hapana," Amuge akasema. "Mzigo ni yangu."

Watu wa foleni wakageuza shingo. Hata mwanamke aliyekuwa akigombana na mwenye baiskeli akaacha.

Afisa akamtazama. "Si wewe uliyesema umetumwa?"

"Mimi. Nilisema hivyo kwa sababu ya kuogopa. Hakuna mtu amenituma. Njugu ni yangu na ya wanawake wenzangu, na mimi ndio nauza."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Amuge hakugeuka. Okochi akatabasamu kwa huruma, akamwambia afisa kwamba mama huyu amechoka na jua, asimjali.

Afisa akavua kofia, akajikuna kichwa. "Huu mzigo ni wa ajabu," akasema. "Saa sita haukuwa na mwenyewe, sasa unao wawili. Sikilizeni. Nitafungua kila gunia mpaka chini. Nikipata kitu kisichoruhusiwa, mwenye mzigo ndiye atakayejibu, mahakamani kama ni lazima. Nani anaweka sahihi nifungue?" Akasukuma karatasi mbele yao.

Okochi akaigeukia pikapu. Amekaa mpakani miaka mingi, anayajua mambo yanayolala chini ya magunia ya watu. Magunia yale hakuyaona yakijazwa, hakuyaona yakishonwa, na hakumjua hata mmoja wa waliotia mkono ndani. Nilimwona akiirudisha karatasi kwa kidole.

"Kwa kweli, afande," akasema, sauti imepungua, "hata mimi kuna mtu amenituma."

Sijui ni nani aliyeanza, lakini foleni nzima ilicheka, na wanawake ndio waliocheka zaidi. Neno lile walikuwa wakilisema wao tangu utotoni, kwa kichwa kilichoinama. Hawakuwahi kulisikia likitoka kwenye shati lililopigwa pasi. Okochi alikumbuka ghafla kwamba ana miadi Malaba.

Amuge alikwisha kuchukua kalamu. "Fungua yote," akamwambia afisa. Akaandika jina lake lote, taratibu, la baba na la ndoa.

Wakafungua. Amuge mwenyewe ndiye aliyepanda juu ya pikapu na gomesi yake ya kanisani, akikata nyuzi alizoshona kwa mkono wake, huku afisa akichoma magunia kwa chuma chake kirefu. Kila chuma kilipotoka kilitoka na njugu, nyekundu na kavu. Saa ilikuwa inakimbia na mimi nilikuwa naiangalia kuliko ninavyoangalia saa za mizigo yangu. Cheti kikagongwa muhuri, nami nikapanda nao. Eriku akaendesha kwa namna ambayo sitaieleza hapa, maana polisi wa barabarani nao husoma.

Tulipofika kiwandani mashine zilikuwa bado zinanguruma. Maximilla alitoka amejifunga kitambaa kichwani, hakunisalimia, hakumsalimia mtu. Alimwaga njugu mezani, akazitawanya kwa kiganja, akatafuna moja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha vidole vyake vikakoma. Akainua kijiwe, kidogo kama punje ya mahindi.

Akamgeukia Eriku, maana ndiye aliyekuwa mwanaume. "Wewe, hii ni nini?"

Eriku akanyoosha kidevu kumwelekeza kwa Amuge. "Mwenyewe ni yule."

Basi Maximilla akamgeukia Amuge na kumpa yote. Alimwambia jiwe hilo lingevunja jino la mtoto wa mtu Kisumu. Alimwambia kinu chake hakikuokotwa jaani. Alimuuliza kama Petta hakuna ungo, kama hakuna macho, kama njugu zinachaguliwa watu wamelala. Mimi nimewahi kugombezwa na Maximilla, na nakumbuka nilikwenda kulia chooni. Nilisogea karibu na Amuge nikiwa tayari kumshika.

Hakuhitaji kushikwa. Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama wima, halafu akanyoosha mkono.

"Nipe, mama," akasema. "Hata hiyo jiwe ni yangu. Wiki ijayo hutaiona."

Maximilla akautazama ule mkono. Akamwekea kijiwe kiganjani, kisha akawageukia wafanyakazi wake waliokuwa mlangoni.

"Shusheni magunia," akawaambia. "Na mama huyu mleteeni kiti."