Mnazi Wangu wa Shimoni

Dada yangu Shamima karudi Mtambile kutoka Kanada na mwanawe mchanga, Fahmi. Kitovu cha mtoto kilichokatika kakileta kwenye kitambaa. Bibi Mwanabaraka kanipa jembe nichimbe shimo, tukizike na kupanda mnazi juu yake, kama walivyofanyiwa watoto wote wa nyumba hii.

Isipokuwa mie. Mie n'lizaliwa Shimoni, Kenya, baba alikokwenda kuvua, na mama akazika changu kule, akapanda mnazi juu yake. Utoto wangu wote, kabla hatujarudi huku, nilikuwa naukwea ule mnazi, naangua madafu, nawafukuza wenzangu: "Wangu huu, shukeni!"

"Fahmi ana pasi?" nikauliza.

"Ya Kanada. Kule ukizaliwa tu, ushakuwa wao," Shamima akajibu.

"Mie Kenya waliniambia nifuate uraia wa babaangu. N'na kosa gani?"

"Huna. Wao Wakenya wanatizama damu, na sie hapa vilevile," Bibi akasema. "Chimba, wacha maneno!"

Shamima akakikumbatia kitambaa. "Bibi, huyu atakulia kule. Mnazi wa huku ataujulia wapi?"

Bibi akageuza uso. Nikaona anataka kulia, nami sipendi watu walie.

"Da Shamima, pasi atapewa na watu wa ofisi," nikasema. "Lakini mtu lazima awe na mnazi wa kuukumbuka. Mie wangu sijauona miaka, na kila nikinywa dafu naona si tamu kama lake."

Shamima akanitazama, kisha akanipa kitambaa. Nikachimba.