Zuhura Hayumo Kitabuni

Mwalimu Doreen alikuwa akifundisha historia kidato cha pili, mjini Morogoro, Zuhura aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nimo ukurasa gani?"

Wenzake wakacheka. Kitabu kilisema Waluguru hufuata ukoo wa mama. Kurasa chache mbele, Waarabu walikuja kuuza watu, kisha hawakutajwa tena, kana kwamba wote walirudi kwao. Mama yake Zuhura ni Mluguru wa Mgeta. Baba yake ana asili ya Yemeni.

"Kwani wewe si Mwarabu?" akauliza Christina, aliyekaa naye dawati moja. "Babu zako ndio waliotuuza?"

Hakusema kwa ubaya, alitaka kujua. Zuhura naye alitaka kujua.

Doreen, mzaliwa wa Bukoba, alizijua habari hizo kwa kitabu tu. Akaomba ruhusa kwa wazazi, na Jumamosi yeye, Zuhura na Christina wakapanda milimani Mgeta. Walimkuta Bibi Mwajuma, mama wa mama yake Zuhura, akifunga kabichi kwenye viroba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, karibuni."

Swali la ukoo alilijibu bila kuacha kazi. "Huyu wetu. Kazaliwa na binti yangu, basi."

"Na mashamba ni ya wanawake, kama kitabu kinavyosema?" akauliza Doreen.

Bibi akacheka. "Hili langu, ndiyo. Lakini kaka yangu akikataa nisiuze, siuzi. Hilo wameandika?"

"Hapana."

"Bibi," akasema Zuhura, "upande wa baba waliuza watu?"

Bibi akaiachia kamba. "Sijui, mjukuu wangu. Walipokuja kuposa niliogopa kuuliza. Muulize shangazi yako wa Ngerengere."

Zuhura akapiga simu palepale.

"Babu yetu alikuja na cherehani wakati wa Waingereza, biashara hiyo ilishakwisha," akasema shangazi. "Habari za waliomtangulia hakuwahi kutusimulia. Hata mimi hujiuliza. Njoo tuwatafute wazee."

Jumatatu, Zuhura alisimama mbele ya darasa akaeleza anachokijua na asichokijua. Alipomaliza, Christina akauliza kuhusu kwao mwenyewe: watu wao walikuwa upande gani, maana misafara ile ya watumwa ilikuwa na waliokamata, waliobeba mizigo na waliouza chakula njiani?

Doreen akakifunga kitabu. Jioni hiyo alimpigia simu baba yake Bukoba, amuulize watu wa kwao walikuwa upande gani.