Muwasho wa Kinyozi

Kinyozi hakutulia. Tangu asubuhi alikuwa akisimama kwa mguu mmoja, akijikuna kifundo cha mguu wa pili kwa ncha ya kiatu, akibadilisha, akirudia. Wateja wa mwanzo walivumilia. Aliyefuata alimwomba azime redio, akidhani ni muziki unaomchezesha.

Dawa alishajaribu ile ile anayoitumia kwa kila kitu kibandani: spiriti. Ilimchoma hadi machozi, muwasho ukanyamaza kidogo, kisha ukarudi na ndugu zake wote. Vilikuwa vipele vidogo, vyekundu, vimejipanga vitatu vitatu juu kidogo ya soksi, na alikuwa amevikuna mpaka vingine vimechubuka.

Adhuhuri akaingia fundi saa, na roho ikamruka Kinyozi. Huyu ndiye baba wa msichana anayempenda. Mwezi mzima sasa wamekuwa wakikutana kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa nyumba ya mzee huyu, jioni, mwenyewe akiwa bado dukani kwake. Kila siku Kinyozi hujiapiza kwamba kesho atakwenda kujitambulisha, na kesho ikifika hakosi udhuru. Alichoogopa ni kimoja tu: mzee agundue kabla hajamwambia, amwone mhuni, na yeye amkose binti kabisa.

"Kichwa chote, mwanangu," mzee alisema akikaa. "Na taratibu. Ninyi wa siku hizi mnanyoa kama mnakimbizwa."

"Usiwe na shaka, mzee."

Alimpaka povu, akafungua wembe. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri, ingawa alikuwa akiuma meno. Alipofika nyuma ya sikio, muwasho ukampanda upya. Alijikaza, akameza mate, akajikaza tena, wapi. Mguu ukamshinda, akaunyanyua na kuusugua kwenye kigimbi cha mguu wa pili, wembe ukiwa hewani.

"Una nini?"

"Si kitu, mzee. Mbu tu."

"Mbu gani huyo anayeingia kwenye kiatu?" Mzee aligeuza kiti. Mtu aliyezeeka akichungulia vijigurudumu vya saa hadanganyiki kirahisi. "Hebu pandisha suruali."

Kinyozi aliipandisha, shingo upande. Mzee akainama na kutazama kwa muda mrefu kuliko kipele kinavyostahili.

"Umepaka nini hapa?"

"Spiriti."

"Ndiyo maana. Unajichubua, halafu unajichoma. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, paka losheni ya muwasho, na kucha hizo uzikate. Havina sumu, vitaisha vyenyewe ukiacha kuvikuna. Pakivimba sana, pakapata joto na kutoa usaha, hapo nenda hospitali."

"Umejulia wapi yote hayo, mzee?"

Mzee akapandisha suruali yake. Kifundoni mwake vilikuwapo vile vile, vitatu vitatu, vimeanza kukauka.

"Nilikwenda zahanati juzi. Hawa ni viroboto. Wako chini, wanakurukia na kuishia kifundoni. Kawaleta paka wa mke wangu. Analala kwenye ngazi ya nyuma, na mimi hukaa pale kila asubuhi nikivaa viatu." Alishusha suruali. "Wewe unavaa viatu vyako wapi?"

Kinyozi akaishusha suruali yake upesi.

"Binti yangu nilimuuliza nani anakuja pale jioni. Akasema hakuna mtu." Sauti ya mzee haikupanda, afadhali ingepanda. "Tangu ajue kusema hajawahi kunidanganya. Ameanza kwa ajili yako. Sasa na wewe nijibu. Nani anakaa kwenye ngazi yangu?"

Udhuru wa mwezi mzima ulimjaa mdomoni, akaumeza. Aibu ilimshika, zaidi kwa ajili ya binti kuliko yake mwenyewe.

"Ni mimi, mzee. Nampenda. Niliogopa utanikatalia, nikajificha."

Fundi saa akajigeuza kuelekea kioo. Nusu ya kichwa iling'aa, nusu povu lilikuwa linakauka.

"Ungekuja mlango wa mbele ningekupa kiti," alisema. "Haya, malizia. Ukimaliza tunakwenda nyumbani pamoja, ukamwambie binti mbele yangu kwamba hana haja ya kunidanganya tena."