Bunduki ya Sombe

"Sasa hiyo bunduki isiyoua mutu, unaipaka rangi ya kujificha ili imfiche nani?"

Ndivyo alivyouliza Mohamadi, fundi wa baiskeli, siku alipochungulia juu ya ukuta akamkuta jirani yake Khadidja amekaa kwenye mkeka uani, bunduki imelala mapajani mwake kama mtoto anayesukwa nywele.  Khadidja alikuwa na msasa mkononi, anaisugua ile plastiki taratibu ipate kukwaruzika, maana plastiki laini hukataa rangi. Ukiipaka hivyohivyo, wiki haiishi inabanduka kama ngozi ya nyoka.

"Muulize Bwana Amissi mwenye nayo," alisema. "Mi ni fundi. Mutu akileta kibao cha duka, siulizi kama ndani kuna sukari."

"Kibao cha duka hakijaleta basoda na bunduki zao nyumbani kwa mutu," Mohamadi akasema, akashuka kwenye tofali alilokuwa amelikanyaga.

Mtaa mzima wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ulimjua Khadidja, Mama Yasmina, kwa herufi zake. Marehemu mumewe, Moubarak, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiandika majina kwenye malori na maduka, na yeye kwa miaka kumi na mmoja alimkatia herufi kwa wembe kwenye picha kuukuu za eksirei, zile zinazoonyesha mbavu za watu. Malaria ilipomchukua Moubarak, mwaka wa tatu wa vita, wateja hawakuacha kuja. Khadidja akamaliza eda yake, akaosha brashi, akaendelea. Shule aliishia la sita, lakini herufi zake zilikuwa zimenyooka kuliko za watu wa ofisini.

Moubarak alimwachia sheria moja tu. Kibao, alikuwa akisema, kinaandikiwa mtu aliye mbali. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mwenye kazi, lazima uvuke barabara ukiwa umeinamisha macho, ufike ng'ambo, kisha ugeuke ghafla ukisome kama mgeni aliyeshuka leo kwenye basi.

Bunduki yenyewe ilitoka Kanada. Shemeji wa Amissi aliituma ndani ya sanduku la nguo, na Amissi alieleza kwamba huko watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, huenda msituni siku ya Jumapili wakapigana kwa vipira vidogo kama punje za mtama.

"Halafu?" Khadidja aliuliza.

"Halafu wanakaa wanakula pamoja."

"Wanapigana, halafu wanakula pamoja."

"Ndiyo, Mama Yasmina. Ni mchezo."

"Na hakuna aliyefukuzwa nyumbani kwake?"

Amissi alicheka, lakini cheko fupi. Alikuwa na depo ya unga na maharage kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, na wiki moja baada ya Idi walikuja watu wenye silaha, wakabeba magunia, wakampiga mzee aliyekuwa akilinda mpaka sikio moja likafa. Sasa zamu wa depo, yaani mlinzi wa usiku, alikuwa Uthmani, mdogo wake Moubarak. Bunduki ya kweli Amissi hakuruhusiwa kumpa mtu. Ya Kanada hakuna aliyemkataza. Ila ilikuwa nyeusi inayong'aa kama redio mpya, na mdomoni ilikuwa na pete ya rangi ya machungwa, alama waliyoiweka watengenezaji ili kila mtu ajue kwamba ni ya kuchezea. Amissi alitaka ipakwe rangi ya msituni, na hiyo pete ipotee.

Khadidja aliomba siku mbili za kufikiri. Aliwaza hivi: ikipakwa vibaya, wezi wataitambua, watacheka, kisha watampiga Uthmani. Ikipakwa vizuri, wezi watakimbia, lakini askari wa doria wakipita na gari lao hawatauliza ni ya Kanada au ya wapi. Watafyatua kwanza. Kila upande alioushika ulikuwa na miiba, na katikati alikuwa amesimama Uthmani, mwanamume wa mwisho katika nyumba ya mumewe. Aliswali rakaa mbili za istikhara, Mungu amwonyeshe njia, akalala. Hakuota kitu. Usiku wa pili akaswali tena, akaota anamenya viazi.

Asubuhi Uthmani mwenyewe akaja. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, zamani mbeba mizigo bandarini, mpaka mgongo ulipomkatalia.

"Shemeji, ukikataa atampelekea fundi mwingine," alisema. "Yule ataipaka kama mlango wa choo. Mi ndiye nitakayeishika. Bora ipitie mikono yako."

"Huogopi?"

"Naogopa hili rungu. Nasimama nalo pale getini kama mchunga mbuzi. Kila mutu akipita ananiuliza mbuzi wako wapi."

Khadidja akacheka bila kutaka. Kisha akaikubali kazi.

Hakutaka kuiga nguo za askari wa serikali wala za mtu mwingine yeyote, kwa sababu katika mji ule hata doa la rangi lilikuwa na kabila lake. Akaamua kutunga la kwake. Alichukua picha moja ya eksirei, akaikata kwa kufuata jani la muhogo, vidole saba. Nyingine akaikata kwa kufuata jani la kiazi kitamu. Kwanza alipaka bunduki yote rangi ya nyasi kavu, akaiacha ikauke siku nzima, maana mvua za Machi zilifanya hewa kuwa nzito. Siku ya pili akabandika majani yake na kugongagonga rangi ya kijani kwa kipande cha sponji alichokinyofoa kwenye godoro. Siku ya tatu, kahawia. Aligundua mwenyewe, bila kufundishwa, kwamba doa lisiishie ukingoni. Lazima livuke upande wa pili, la sivyo jicho linafuata ukingo na kuiona bunduki ilivyo. Kazi ilimkamata. Kuna nyakati alisahau ni kitu gani anachokipamba, akabaki na furaha ya fundi, ile inayokuja tu mkono unapokubali.

"Ni sombe hii," Uthmani alisema alipoona yale majani ya muhogo, kisamvu chenyewe. "Shemeji, umenipikia bunduki ya sombe. Wezi watauliza ugali uko wapi."

"Wape."

Pete ya machungwa aliiacha mwisho. Ilibaki siku nzima inawaka peke yake mdomoni mwa bunduki.

"Na hii?" Uthmani akauliza.

"Hii ingebaki."

"Mdomo wa karoti? Apana, shemeji. Patro Amissi atanifukuza, na wezi watanivunja mgongo huu uliobaki."

Kila kazi Khadidja aliianza kwa bismillahi. Hapo hakuitamka. Alichovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaizungusha ile pete mara mbili, na machungwa yakazimika.

Alhamisi baada ya adhuhuri bunduki ilikuwa imekauka, na Amissi alikuwa njiani kuja kuichukua. Mvua ilikuwa imepumzika. Khadidja aliiteremsha kwenye waya, akaifuta vumbi, na mazoea ya miaka yote yakamshika mkono yakamwongoza. Hata hakufikiri.

"Shika," alimwambia Uthmani. "Simama pale mlangoni, niisome."

Akainamisha macho, akavuka barabara. Alipita karibu na Mama Daphrose, mchuuzi wa ndagala, aliyekuwa amekaa pembeni ya mtaro na beseni lake la samaki wakavu. Mama huyo alihamia mtaani miaka miwili nyuma, alipokimbia kwao Ruziba usiku watu wenye silaha walipoingia. Uthmani alinunua ndagala kwake karibu kila siku, na kila siku walibishana kuhusu ukubwa wa fungu. Khadidja alifika ng'ambo, akageuka ghafla.

Kwanza aliiona kazi yake, na ilikuwa nzuri. Nyuma ya Uthmani kulikuwa na migomba, na bunduki ilikuwa imemezwa na migomba ile. Mistari yake yote ilikuwa imevunjika. Kisha akamwona mtu. Uthmani alikuwa ameiinua kifuani, miguu ameitanua kidogo, kidevu juu, kama alivyowaona wengine wakisimama. Na mtu aliyeshika kitu namna ile, bila gwanda la jeshi, mlangoni pa nyumba ya watu, kila aliyekuwa Bujumbura miaka ile alijua kumsoma bila kwenda shule.

Ndipo akatambua kuwa hasikii kitu. Nyundo ya Mohamadi ilikuwa imenyamaza. Mlango wake wa bati ulishuka mpaka chini. Mwanamke aliyekuwa akija na ndoo kichwani aliitua katikati ya barabara na kurudi alikotoka, haraka bila kukimbia, mgongo umekaza. Na Mama Daphrose alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, mikono yote miwili kisogoni. Beseni lilikuwa limepinduka, ndagala zimetapakaa mpaka mtaroni.

Khadidja alivuka barabara. Alitembea polepole, kwa kuwa alihofu kwamba akikimbia naye, mtaa wote utalipuka. Alijifungua kitenge cha juu, akaifunika bunduki, akaichukua mikononi mwa Uthmani. Hakumlaumu. Aliyemwambia asimame pale ni yeye.

Uthmani alikuwa amekwisha piga magoti matopeni.

"Mama Daphrose, ni mi. Ni Uthmani. Angalia, si kitu, ni plastiki."

Mama Daphrose hakuinua uso.

"Najua ni we, mutoto yangu," alisema kwenye matope. "Hata ule mwenye bunduki wa Ruziba nilimjua."

Walimwinua wote wawili, wakamwingiza uani, wakamkalisha kwenye mkeka. Khadidja alimletea maji ya kunawa, kisha ya kunywa. Uthmani alivua viatu vyake vya matope mlangoni, akachukua beseni, akarudi barabarani pekupeku, na kupitia mlango uliokuwa wazi Khadidja alimwona amechuchumaa anaokota ndagala moja moja, anazifuta kwa pindo la shati lake. Kulikuwa na mamia.

Yumo katika kuokota, gari la Amissi likasimama. Amissi aliingia uani akitabasamu, funguo zinalia mkononi.

"Mashallah, Mama Yasmina. Nimetoka kule kwenye kona nikaona barabara tupu, nikasema mvua imerudi. Kumbe ni kazi yako. Kama mtaa unaomjua Uthmani umekimbia, wezi wasiomjua itakuwaje?"

"Bwana Amissi, niachie niipake upya," Khadidja alisema. "Yote. Rangi ya machungwa, toka mdomoni mpaka kitakoni. Sitaki chochote kwako."

"Kibao kimesomeka, fundi anataka kukifuta?"

"Kimesomeka vibaya. Basoda nao wana macho. Wakimsoma Uthmani kama mtaa ulivyomsoma, utakuja kunipa pole hapahapa kwenye huu mkeka."

"Mungu ndiye anayelinda."

"Ndiye. Lakini pete ya machungwa niliizima mi, si Yeye."

Amissi alimtazama Mama Daphrose, matope bado yako shavuni mwake, akaondoa macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeibiwa. Akamgeukia Uthmani, aliyekuwa akiingia na beseni limejaa nusu.

"Mi ninataka zamu mwenye kitu mkononi," alisema. "Kama si we, niambie sasa, nitafute mwingine kabla ya jua kuzama. Unaenda nayo, ao hauendi?"

Uthmani alilitua beseni mbele ya Mama Daphrose, upande wa mkono wake wa kulia. Akavua kamba yenye ufunguo wa depo iliyokuwa shingoni mwake, akaiweka juu ya kitenge kilichofunika bunduki. Alivaa viatu vyake pale mlangoni, cha kushoto, kisha cha kulia, akatoka mikono mitupu.